Chuma Hakiogopi Moto

Baba yangu hakuwa fundi wa pikipiki zilizokufa. Ukimletea pikipiki isiyowaka alikuelekeza kwa mafundi wa barabara ya chini, tena kwa dharau, kama daktari wa macho aliyeulizwa habari za jino. Yeye alipokea pikipiki nzima, yenye afya, ambayo mwenyewe ameichoka kwa sababu inafanana na ya kila mtu. Aliifungua ekzosi iliyotoka nayo kiwandani, akaitupa kwenye lundo, akaifungia nyingine aliyoikunja na kuichomelea kwa mkono wake, yenye sauti ambayo mwenye pikipiki angeitambua hata katikati ya msururu wa magari. Mtaani walimwita Ngurumo. Jina lilimpendeza, ingawa alijifanya linamkera.

Kazi yangu mimi ilikuwa rangi. Baba akishamalizana na ekzosi alivua magurudumu, akatoa tairi, akazioka rimu mpaka rangi ya zamani ikadondoka, kisha akanikabidhi zikiwa tupu. Mimi nilizipiga msasa, nikapulizia rangi mpya, nikamalizia na vanishi. Watu walisema Ngurumo anaipa pikipiki sauti na binti yake anaipa sura. Nilikuwa nikisikia na kichwa kinavimba, sikatai.

Nasema kuoka kwa sababu ndivyo tulivyosema. Uani palikuwa na pipa la mafuta lililokatwa ubavuni na kutiwa mlango, na chini yake moto wa gesi. Rimu ilining'inizwa humo kwa mnyororo na kuachwa mpaka rangi ijikunje na kuanguka yenyewe. Mafundi wengine walihangaika na dawa za kubandua rangi, zile zinazochubua vidole na kukuliza kama uliyefiwa. Baba aliwacheka. "Chuma hakiogopi moto," alisema. "Motoni ndiko kilikozaliwa." Alisema hivyo tangu mimi ni wa kubebwa mgongoni, na wakati huo alikuwa na haki ya kusema, maana rimu zote zilikuwa za chuma, zenye spoki, na hakuna hata moja iliyorudi na malalamiko.

Halafu zikaja rimu za alumini, zile za kumiminwa, zisizo na spoki. Nyepesi, unainua kwa vidole viwili. Vijana wakazipenda, na wazee wanaojifanya vijana wakazipenda zaidi. Baba akazipokea kama alivyozipokea za chuma, akazining'iniza kwenye pipa lile lile, juu ya moto ule ule. Rangi ilianguka upesi kuliko zamani, naye akafurahi. Mtu aliyefanya jambo moja maisha yake yote na likamletea heshima hawezi kusimama siku moja asubuhi akajiuliza kama bado ni jambo lile lile. Angejiuliza kwa nini?

Kaka yangu alikuwa akisambaza vifurushi mjini. Alipopata kazi hiyo, Baba alimwandalia pikipiki kama wengine wanavyomwandalia mtoto harusi. Aliikunjia ekzosi ya mabomba mawili yenye sauti ya chini, nzito, ya mtu anayesafisha koo kabla hajasema jambo la maana. Akaoka rimu zake za alumini, nami nikazipaka kijani kilichokolea nilichokichanganya mwenyewe kwa kukisia, tone hili na tone lile, mpaka nikapata rangi ambayo hakuna duka lililokuwa nayo. Kaka alipoiona alizunguka pikipiki ile bila kusema neno, na kwa mtu mwenye maneno kama yeye hiyo ilikuwa shukrani kubwa.

Alianguka asubuhi moja barabara ikiwa kavu, karibu na daraja la reli. Alipoweza kuzungumza alisema aliingia kwenye shimo. Hakuna aliyeshangaa. Barabara zetu tunazijua, na mtu akikwambia ameanguka kwa sababu ya shimo unachomuuliza ni lipi tu. Kaka akiwa bado hospitalini, Baba alichukua saruji, mchanga na mwiko, akaenda peke yake mpaka darajani, akatafuta shimo, akalipata, akaliziba. Akalisimamia mpaka likakauka, huku akitukanana na madereva waliompigia honi. Alirudi suruali imekuwa nyeupe mpaka magotini. "Halitamla mwingine," alisema, akakaa chini, akalia mbele yetu bila kuficha uso. Shangazi zangu waliokuja kutupa pole walilia naye, na mimi pia nililia.

Mgongo ulikuwa umevunjika. Daktari alitueleza waziwazi, bila kuzunguka, kwamba hatatembea tena. Baba alimsikiliza kwa adabu, akamshukuru, na tulipofika nje akaniambia, "Daktari naye ni binadamu. Anasema anachokijua." Kuanzia hapo neno hilo la daktari halikuruhusiwa kuingia nyumbani kwetu.

Kaka akalazwa kwenye chumba kinachopakana na karakana, chenye dirisha linalotazama uani. Mama alishatutangulia miaka mingi, kwa hiyo wa kumgeuza asipate vidonda nilikuwa mimi, wa kumwosha mimi, wa kumlisha siku asizotaka kula mimi. Baba kazi yake ilikuwa kutumaini, na aliifanya kwa bidii zote. Aliiburuta ile pikipiki iliyopondeka akaisimamisha chini ya dirisha, akaanza kuitengeneza upya. "Siku utakayoinuka," alimwambia Kaka, "ukute inakusubiri." Alinyoosha fremu, akabadilisha usukani, akakunja ekzosi mpya. Jioni alisimama dirishani na kuuliza, "Mwanangu, unataka iseme juu au chini?"

"Chini kidogo, Baba," Kaka alijibu, na miguu yake imelala juu ya shuka kama mizigo ya mtu mwingine.

Nilikuwa natoka nje nikisikia hayo. Nilikuwa na hasira, wala sikujua namkasirikia nani. Ukimkasirikia mgonjwa ni dhambi, ukimkasirikia mzee anayetumaini ni dhambi kubwa zaidi, basi nilizimalizia hasira zangu kwenye msasa. Rimu za wateja wa wakati ule zilikuwa laini kama shavu la mtoto.

Baba alipata rimu nyingine za aina ile ile kwenye vyuma chakavu, akazioka, akanipa. "Rangi ile ile," aliniambia. "Isiwe ndugu yake. Iwe yenyewe." Kwa kuwa niliichanganya kwa kukisia, hapakuwa na njia nyingine ila kutafuta kipande cha rimu iliyovunjika nilinganishe. Mabaki yalikuwa kwenye gunia nyuma ya lundo la ekzosi, na tangu yaletwe hakuna aliyekuwa na moyo wa kulifungua. Nilifungua mimi, nikalitoa gurudumu la mbele juani.

Nimepaka rimu nyingi zilizoingia mashimoni. Rimu iliyopigwa na shimo ina jeraha, mahali pamoja palipobonyea, na tairi lake hapo hapo limekatwa. Hii haikuwa na jeraha. Ilikuwa imejikunja yote, pande zote, kama sufuria iliyokaliwa na mtu mnene, mikono yake ya katikati ikachanika, na tairi halikuwa na hata mkwaruzo. Nilishika kipande kwa koleo, nikakikunja nione kitavunjikia wapi. Hakikuvunjika. Kilikunjika bila ubishi, nikakikunjua, nikakikunja tena. Nilikaa pale juani mpaka kichwa kikaanza kuniuma.

Nikaenda kwa Kaka.

"Lile shimo lilikuwa upande gani wa daraja?"

Akatazama dari. "Upande wa huku."

"Baba aliziba la upande wa kule."

"Basi la kule."

"Kaka."

Akageuzia macho dirishani. Kisha akasema, "Funga dirisha."

Nikafunga. Baba alikuwa uani akipiga nyundo, na nyundo ikasikika kwa mbali.

"Hakukuwa na shimo," alisema. "Pale lami ni mpya, unaweza kutandika mkeka ukalala. Mtu wa baiskeli alikatiza mbele yangu, nikagusa breki. Kugusa tu. Gurudumu la mbele likakaa chini. Halikupasuka, halikupiga kelele. Lilikaa, kama mtu aliyechoka kusimama."

"Ni pipa," nikasema.

"Ni pipa."

Nilitaka kukaa lakini kiti kilikuwa na nguo zake chafu, nikabaki nimesimama. Aliniambia nisimwambie Baba. Aliniambia kwa upole, kwa namna aliyokuwa akinibembeleza zamani nisimsemee kwa Mama.

"Miguu imekwenda," alisema. "Ukimwambia, na yeye atakwenda. Nitabaki na nani humu ndani, wewe na kelele zako?"

Sikucheka. "Na wengine je? Amewaokea nusu ya mji."

"Mimi nimeweza kumbeba huyu mmoja tu. Hao wengine wafikirie wewe, wewe una miguu."

Nikamwahidi, kisha nikajaribu kuwa mjanja. Nilimwambia Baba mtungi wa gesi unavuja, pipa lipumzike kwanza. Nilinunua dawa ya kubandua rangi nikawa nazisafisha rimu za wateja wapya nyuma ya nyumba kwa mikono yangu, vidole vikachubuka, macho yakavimba. Baba alinicheka. "Umekuwa kama wale wa barabara ya chini," alisema. Rimu za pikipiki ya Kaka, zilizokwisha kuokwa, nilizisingizia rangi haijakubali, kesho, keshokutwa. Hivyo nilidhani nimewazuia wapya wasiumie. Lakini waliokwisha kuondoka na magurudumu yetu, hao niliwazuia na nini? Walikuwa barabarani.

Mmoja wao alikuwa kinyozi wa ng'ambo ya barabara. Rimu zake tulizipaka nyekundu ya nyanya, na alizifuta kila asubuhi kwa taulo lile lile la kufutia wateja. Alasiri moja alikuja akazwe nati ya ekzosi, amempakia mkewe, na katikati yao mtoto mchanga amelala.

"Ngurumo," alisema, "mke wangu analalamika eti naipenda pikipiki kuliko yeye. Nimemwambia, pikipiki haijawahi kuniuliza nilikuwa wapi."

Mkewe alimfinya ubavuni, Baba akacheka mpaka akakohoa. Akakaza nati, akasikiliza injini kichwa kimeinama upande, akaridhika. Wakaondoka. Mimi nililitazama gurudumu la mbele likizunguka, jekundu, zuri, mpaka wakapinda kona, na nikajua kwamba ahadi niliyompa Kaka siwezi kuishika. Nilimwonea huruma Kaka, nikajionea huruma na mimi, na hakuna huruma iliyonisaidia.

Nilisubiri Kaka apitiwe na usingizi baada ya chakula cha mchana. Baba alikuwa kwenye meza ya kazi anapiga tupa mdomo wa bomba. Nikaweka mbele yake kile kipande cha rimu ya kijani, na koleo juu yake.

"Kikunje," nikamwambia.

Alinitazama, akakikunja. Akakikunjua. Akakikunja tena, polepole, na nikaona mikono yake imeelewa kabla yake.

"Alumini si chuma, Baba. Ukiitia kwenye moto ule sura inabaki, nguvu inaondoka."

"Na shimo?"

"Hakukuwa na shimo."

Akaweka koleo chini, akachukua tupa, akaendelea na bomba lake. Alipiga tupa mdomo ule mpaka ukawa mwembamba kama kisu, haufai tena kwa kazi yoyote, na bado akaendelea. Nilisimama pale nikimwomba moyoni anipigie kelele. Mtu akikugombeza kuna mahali pa kumshika. Baba hakunigombeza.

Kesho yake asubuhi tulikuta pipa limepondwa kwa nyundo kubwa, limelala bapa. Baba alivaa shati lake la heshima akatoka kwa miguu. Alizunguka mji mzima siku hiyo na zilizofuata, akiwatafuta watu wote aliowahi kuwaokea rimu za alumini, awaambie wazivue. Wachache walizileta. Wengine walidhani mzee amechanganyikiwa kwa sababu ya mwanawe, wakamkalisha, wakampa maji ya kunywa. Kinyozi alimwambia, "Mzee wangu, hizi rimu ndizo zinazonijulisha mjini. Anayelinda ni Mungu, si rimu." Na wengine walikuwa wameshahama, au wameshauza pikipiki kwa watu ambao waliuza kwa watu. "Hao siwapati," Baba aliniambia jioni moja akivua viatu. Juu ya jambo lile hakuwa ameniambia neno jingine tangu nimwonyeshe kile kipande.

Kwa Kaka hakusema kitu. Alimwamkia dirishani kama kawaida, akamuuliza amelalaje. Kaka alikuwa ameliona pipa lilivyolala uani. Alinitazama, akageuzia uso ukutani, na kwa siku kadhaa nilimwosha na kumlisha mtu asiyeniambia hata asante. Nilistahili, lakini iliniuma.

Halafu Baba akachukua zile rimu zilizookwa, zile nilizokuwa nikizisingizia, akazipaka rangi mwenyewe. Alizipaka vibaya, rangi ikatiririka na kuganda matone, kijani cha dukani kisichofanana na chochote. Akavisha tairi, akafunga magurudumu, akakaza ekzosi, akawasha. Sauti ikapanda, nzito, ya chini, jinsi Kaka alivyoiomba. Nilitoka mbio na mikono ina sabuni.

"Baba, hizo zimechomwa."

"Najua. Nimezichoma mimi."

"Sasa unakwenda nazo wapi?"

"Kuzijaribu," akasema. "Kila nilichomfungia mtu nilipaswa nikijaribu mimi kwanza." Akatoka nayo.

Ikawa kila siku. Akishakunywa chai alivaa kofia, akapanda, akashika barabara ya daraja la reli, ile ile. Baba hakuwa mtu wa kujitundika wala wa kunywa sumu. Hayo aliyaita mambo ya watu wasio na kazi. Alikuwa ameamua tu kwamba kilichompata mwanawe kimpate na yeye, na kwa kuwa kilikuwa kinachelewa alikuwa akikifuata barabarani.

Sisi tulibaki tukisikiliza. Ekzosi za Baba zinasikika mbali, hiyo ndiyo iliyokuwa sifa yake. Kaka alianza kusema na mimi tena kwa sababu ya kusikiliza, maana hofu ilikuwa moja na chumba kilikuwa kimoja. "Yuko kwenye mzunguko," alisema macho yamefumbwa. "Anapanda mlima. Ametia gia." Baba alipofunga mafuta ili ashike breki, Kaka alikamata shuka kwa vidole vyote. Kisha sauti ilipotea nyuma ya soko. Nilifua, nilichambua mchele, nilifanya kazi zisizo na kelele. Ikirudi, nilishukuru Mungu, na papo hapo nikamchukia Baba, kwa sababu kesho ilikuwa ipo.

Nilificha ufunguo. Kumficha fundi ufunguo wa pikipiki ni kujisumbua. Aliunganisha nyaya akaondoka. Nilimwaga mafuta, akaenda na kidumu akarudi nayo. Nilitoa upepo kwenye tairi, akajaza kwa pampu huku akiniuliza kama nimeshapika. Siku moja nilimshika mkono, nikamwambia anatuua sisi. Aliniangalia kwa upendo kabisa. "Ninyi hamjafanya kosa," akasema, akautoa mkono wake.

Kinyozi alinichekea kutoka mlangoni kwake. "Mzee wako amerudia ujana," alisema. Niliingia ndani, kwa sababu ningefungua mdomo yangetoka matusi.

Asubuhi iliyofuata Kaka aliniambia nimvishe. Alitaka suruali ndefu, jaketi lake la kazini, na viatu. Viatu hakuwa amevaa tangu siku ile. Kumvisha viatu mtu ambaye miguu yake haikusaidii ni kazi ya kukutoa jasho, na nilipomuuliza tunakwenda wapi akasema, "Nivishe kwanza, dada. Utauliza baadaye." Nikamkalisha kwenye kiti cha magurudumu, nikamsukuma mpaka uani, akaniambia nimwegeshe kando ya pikipiki.

Baba akatoka na kofia mkononi.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Umependeza. Unakwenda wapi?"

"Nakwenda na wewe. Nipandishe nyuma."

Baba akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayetafuta mlango. "Mgongo wako hautaweza."

"Mgongo wangu umeshavunjika, hauna tena cha kuogopa. Nifunge kwako kwa mkanda, nikulalie."

"Siku nyingine, mwanangu."

"Leo. Si ulisema unanitengenezea mimi? Imekwisha. Ekzosi inasema chini, kama nilivyotaka, naisikia kila siku. Nipandishe."

"Nitakuitia gari. Tutakwenda popote unapotaka."

"Gari la nini na pikipiki yangu ipo? Ina kasoro gani?"

Baba akanitazama mimi. Sikumsaidia.

"Ina kasoro gani, Baba?"

Alizungusha kofia mikononi. "Rimu," akasema.

"Zimefanya nini?"

"Haziwezi kubeba mtu."

"Zinakubeba wewe."

"Mimi ni mimi."

"Na mimi ni mwanao. Zikikufaa wewe zitanifaa na mimi." Akainua mikono yake kwangu. "Dada, nishike nipande."

Nilipitisha mikono chini ya makwapa yake kama ninavyofanya kila siku, nikamnyanyua. Sikujua kama anatania. Uso wake ulikuwa karibu na wangu, nikautazama, na haukuwa na utani. Kama Baba angesema, "Haya, basi," Kaka angepanda, na nadhani mimi ningemfunga mkanda mwenyewe, maana nilikuwa nimechoka mahali ambapo usingizi haufiki.

Kofia ikaanguka. Baba alituvamia, akamsukuma Kaka kifuani kwa mikono yote miwili mpaka akarudi kitini, na kiti kikarudi nyuma kikagonga ukuta.

"Haziwezi kubeba mtu," alisema. "Nimeziua. Hizi nimeziua, na zile zako niliziua, nikakupa uendeshe, nikasimama hapo mlangoni nikakupungia mkono." Akakaa chini, pale pale kwenye mchanga wenye mafuta, mbele ya kiti.

Nilichukua spana nikaanza kufungua gurudumu la mbele, kabla hajapata nguvu za kunizuia. Hakunizuia. Nati zilitoka moja moja, na nilijua ninachokifungua si gurudumu peke yake. Hii ndiyo pikipiki iliyokuwa inamsubiri Kaka ainuke. Nikishaivua, hakuna kitu tena nyumbani kwetu kinachosubiri mtu kuinuka.

"Wewe ulijua?" Baba alimuuliza Kaka.

"Nilijua."

"Huyu ndiye aliyekwambia?"

"Hapana."

"Ulijua tangu lini?"

Nilitamani adanganye. Uongo wake ulikuwa umetulisha wote kwa muda mrefu, ungetutosha hata siku ile.

"Nilijua nikiwa bado hewani, Baba," akasema. "Kabla sijagusa chini."

Baba akainamisha kichwa, akakilaza juu ya magoti ya Kaka, akakiacha hapo. Kaka alikuwa akiitazama pikipiki, jinsi ilivyolala mbele bila gurudumu. Ilibidi nimwambie kwamba Baba amemlalia magotini, ndipo alipotazama chini na kuweka mkono.